Kompyuta Kutoka Ng'ambo ya Mpaka: Mkataba wa Muuzaji, Sheria ya Forodha na Haki ya Mnunuzi

Mkazi wa Pajulu anayetaka kununua kompyuta ya nyumbani ana masoko matatu mbele yake. La kwanza ni maduka ya Arua mjini, ambayo hupata sehemu kubwa ya bidhaa zake kutoka Kampala. La pili liko ng'ambo ya Vurra, huko Aru na Ariwara katika jimbo la Ituri, ambako shilingi ya Uganda hupokelewa sokoni sambamba na faranga ya Kongo na dola ya Marekani. La tatu ni njia ya Koboko na Oraba, inayovuka kuingia Kaya na kuendelea hadi Yei, Sudan Kusini. Bei za masoko hayo hazilingani, na mtu mwenye fedha chache aliyezichanga kwa miezi mingi hana budi kwenda kule anakoona unafuu. Kufanya hivyo si kosa. Biashara ya kuvuka mpaka ndiyo iliyolisha miji yetu tangu zamani.

Hata hivyo, kompyuta ni bidhaa yenye mambo yake. Haifanani na mhogo wala kitenge. Ina namba inayoitambulisha, ina ahadi ya mtengenezaji inayoifuata, ina kanuni za nchi inayoingia, na huenda ikawa na siri za mtu mwingine ndani yake. Mnunuzi asiyeyajua hayo hujikuta ameambiwa na muuzaji kwamba hawezi kuuziwa kwa kuwa si raia wa nchi hiyo, au amekataliwa matengenezo mjini Arua, au amezuiliwa njiani, au, lililo baya zaidi, ameitwa kituoni kueleza namna alivyopata mali iliyoibwa. Matatizo hayo manne yana asili tofauti, na kila moja lina mahali pake pa kutatuliwa. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha, ili mwananchi ajue lipi ni la muuzaji, lipi ni la forodha, na lipi ni la polisi.

Mpaka uliochorwa katikati ya ndugu

Inafaa kukumbuka kwanza mpaka wetu ulivyopatikana. Nchi hii ya West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, eneo lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake eneo hilo likaingizwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka 10 watu wale wale, bila kuhama makwao, walitawaliwa kutoka pande tatu. Mstari uliobaki ardhini uliwagawa Walugbara kati ya Uganda na Kongo, nao Wakakwa wakagawanyika katika nchi tatu. Pale Salia Musala, katika wilaya ya Koboko, nchi hizo tatu hukutana.

Ndiyo sababu mwananchi wa hapa, anapomwona shangazi yake ng'ambo akiuziwa kitu kwa bei moja na yeye akiuziwa kwa bei nyingine, huona kana kwamba ameonewa. Hisia hiyo inaeleweka. Lakini mikataba ya biashara na sheria za kodi huandikwa kwa kufuata mipaka ya dola, wala haziulizi ukoo. Ni heri kuzijua kuliko kuzilaumu baada ya hasara.

Kwa nini muuzaji hukataa kuuza

Kampuni inayotengeneza kompyuta haiuzi bidhaa zake kwa kila mtu mmoja mmoja. Huteua msambazaji kwa nchi fulani au kwa kundi la nchi, na msambazaji huyo naye huteua wauzaji wa rejareja. Mkataba kati yao hutaja eneo la mauzo. Mara nyingi hutaja pia kwamba muuzaji asitangaze bidhaa nje ya eneo hilo, asipeleke mzigo ng'ambo, na asimuuzie mtu anayenunua kwa wingi ili akauze tena mahali pengine.

Sababu zinazotolewa na kampuni ni kadhaa. Ya kwanza ni huduma: aliyeuza ndiye anayetakiwa kupokea kompyuta inapoharibika, na hawezi kumhudumia mteja aliye nchi nyingine. Ya pili ni bei: kampuni hupanga bei kwa kuangalia kodi na uwezo wa wanunuzi wa kila nchi, na haipendi bidhaa ya bei ya chini ihamie kwenye soko la bei ya juu. Ya tatu ni sheria za nchi yake ya asili, ambazo huenda zikakataza bidhaa hiyo isifike mahali fulani.

Historia inatupatia mifano ya sababu hizo zote. Mwishoni mwa mwaka 1981, kompyuta za nyumbani zilipokuwa bado changa, kampuni ya Apple ya Marekani iliwakataza wauzaji wake kuuza kompyuta kwa njia ya posta. Ilidai kwamba mnunuzi anahitaji kukutana na muuzaji uso kwa uso, aelekezwe na asaidiwe. Wauzaji waliokuwa wakiuza kwa posta kwa bei nafuu walipinga mahakamani, na mwaka 1986 mahakama ya rufaa huko Marekani ikaipa kampuni ushindi. Hapo sababu iliyotajwa ilikuwa huduma.

Huko Ulaya mambo yalikwenda kinyume. Kampuni ya Grundig ya Ujerumani, iliyotengeneza redio, televisheni na vinasa sauti, ilimpa msambazaji mmoja haki ya peke yake ya kuuza nchini Ufaransa. Mfanyabiashara mwingine akanunua bidhaa hizo hizo Ujerumani na kuziuza Ufaransa kwa bei ya chini. Akashitakiwa. Shauri lilifika katika Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya, ambayo mwaka 1966 iliamua kwamba mkataba unaofunga kabisa mipaka ya nchi wanachama dhidi ya biashara ya namna hiyo unavunja misingi ya soko la pamoja. Kampuni iliweza kuteua msambazaji, lakini haikuweza kumjengea ukuta.

Mfano wa tatu unatugusa kwa karibu zaidi. Mwezi Novemba mwaka 1997 Marekani iliiwekea Sudan vikwazo vya kiuchumi. Kompyuta zilizotoka Marekani hazikupaswa kupelekwa huko bila kibali, hata kwa kuzungushwa kupitia nchi ya tatu. Wakati huo Yei na Kaya zilikuwa bado ndani ya Sudan moja. Mwaka 2006 maeneo ya kusini yalilegezewa masharti hayo, mwaka 2011 Sudan Kusini ikawa nchi huru, na mwaka 2017 vikwazo vya jumla juu ya Sudan yenyewe viliondolewa. Katika miaka ya vikwazo, muuzaji aliyefungwa na mkataba wa kampuni ya Kimarekani alikuwa na sababu ya kisheria ya kumuuliza mteja: unaipeleka wapi kompyuta hii?

Isitoshe, si kampuni pekee zilizozuia. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa kompyuta, na marufuku hayo yalidumu hadi miaka ya tisini. Nchini Uganda, katika bajeti ya mwaka 2009, serikali ilitangaza kuzuia kuingizwa kwa majokofu, televisheni na kompyuta zilizokwisha kutumika, kwa hofu ya taka za umeme. Msimamo wa serikali juu ya vifaa vilivyotumika umekuwa ukipitiwa upya kadiri miaka inavyokwenda. Kwa sababu hiyo, anayekusudia kuleta kompyuta ya mtumba aulize ofisi ya forodha masharti ya mwaka huo kabla ya kutoa fedha, asitegemee yale aliyoyasikia kwa jirani miaka iliyopita.

Mkataba wa muuzaji haumfungi mnunuzi

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mkataba unaotaja eneo la mauzo ni kati ya kampuni na muuzaji wake. Mwananchi aliyeingia dukani Aru, akalipa bei iliyotajwa na kupewa risiti, hakutia saini mkataba huo. Akiivusha kompyuta yake kihalali, hakutenda kosa la jinai kwa sababu tu muuzaji aliahidi kutouza kwa wageni. Kama kuna ugomvi, ni wa kampuni na muuzaji. Polisi hawana kazi ndani yake.

Kwa upande mwingine, muuzaji naye ana uhuru wa kukataa kuuza. Akikuambia kwamba hawezi kukupelekea mzigo Pajulu, au hawezi kukuuzia mashine 10 kwa mpigo, usimwone adui. Huenda analinda mkataba unaomlisha. Usikubali pia ushauri wa kutumia kitambulisho cha jamaa wa ng'ambo au kuandikisha risiti kwa jina lisilo lako. Hila hiyo ndogo ndiyo itakayokuondolea ushahidi wa umiliki siku utakapouhitaji.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha sheria yake ya ushindani mwaka 2006. Nayo Comesa, ambayo Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni wanachama wake, ina tume ya ushindani iliyoanza kazi mwaka 2013 mjini Lilongwe, Malawi. Vyombo hivyo viliundwa ili, pamoja na mambo mengine, kampuni zisigawane masoko na kuwaumiza wanunuzi. Mfanyabiashara anayeamini kwamba amefungiwa mlango kwa makubaliano ya siri anaweza kupeleka malalamiko yake huko kwa njia ya chama chake. Kwa mnunuzi wa kompyuta moja, hata hivyo, jambo la kuzingatia ni dogo na la karibu zaidi, nalo ni waranti.

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji ya kutengeneza au kubadilisha kifaa kikiharibika ndani ya muda uliotajwa. Kuna waranti inayokubaliwa katika nchi nyingi, na kuna ile inayokubaliwa tu katika nchi ambamo kifaa kiliuzwa. Kompyuta mbili za jina moja na sura moja zinaweza kutofautiana kwa jambo hilo tu. Iliyotengenezewa soko la Dubai au la Ubelgiji, ikapita mikono mitano hadi Ariwara, huenda isipokelewe na wakala wa Kampala. Basi, unapolinganisha bei, usilinganishe namba mbili peke yake. Ongeza thamani ya waranti, nauli ya kurudi ng'ambo mara mbili au tatu kifaa kikileta matatizo, na kodi. Mara nyingine unafuu wote huyeyuka hapo.

Kuna tofauti nyingine za kifaa chenyewe. Kompyuta nyingi zinazoingia Kongo zimeandaliwa kwa wasemaji wa Kifaransa. Mpangilio wa herufi kwenye kibodi yao huanza na A na Z mahali ambapo yetu huanza na Q na W. Mwanafunzi aliyezoea mpangilio wa shuleni atapata shida. Lugha ya programu inaweza kubadilishwa, lakini vibonye vimechapwa. Plagi nazo ni za miti miwili ya mviringo, si mitatu ya bapa kama ya soketi zetu. Kwa kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani, angalia nyuma ya kisanduku cha umeme: ikiwa imewekwa kwenye volti 115, nawe ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 240, utasikia mlio na kuona moshi. Chaja nyingi za kompyuta mpakato hupokea volti 100 hadi 240, lakini soma maandishi yake kabla ya kuamini.

Forodha: Jumuiya moja haimaanishi kwamba hakuna mpaka

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo ikawa mwanachama kamili mwezi Julai mwaka 2022. Tangu hapo imeenea kauli kwamba kila kitu kinachotoka nchi hizo huingia Uganda bure. Kauli hiyo si kweli, na imewagharimu watu wengi.

Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya huhusu bidhaa zenye asili ya Jumuiya: mahindi yaliyolimwa humu, mbao zilizopasuliwa humu, sabuni iliyotengenezwa humu kwa masharti yaliyowekwa. Hati rahisi ya asili ya bidhaa, inayowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa za namna hiyo. Kompyuta iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kukaa rafuni Ariwara. Kwa forodha, bado ni bidhaa ya nje.

Baada ya hapo mtu huuliza: mbona nimesikia kwamba kompyuta haina ushuru? Ni kweli kwamba katika jedwali la ushuru wa pamoja wa Jumuiya, kompyuta zimewekwa kwenye asilimia 0. Viongozi walitaka elimu na kazi za ofisi zirahisishwe. Lakini ushuru wa forodha ni aina moja tu ya tozo. Ipo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida nchini Uganda ni asilimia 18, na zipo tozo nyingine zinazoweza kuhusu mzigo kulingana na aina yake na mwingizaji wake. Afisa wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda aliyepo Vurra au Oraba ndiye mwenye kukokotoa, kwa kuangalia risiti na bidhaa yenyewe.

Jambo la pili ni zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 haiangalii kodi tu. Inahesabu kuwa ni mali isiyopitishwa forodha hata ile isiyotozwa ushuru, ikiwa imeingizwa kinyume cha utaratibu. Maana yake ni kwamba anayepitisha kompyuta katika njia ya panya ili kukwepa ushuru wa asilimia 0 anatenda kosa kwa ajili ya faida isiyokuwapo. Kompyuta inaweza kutaifishwa, na chombo kilichoibeba nacho kiko hatarini. Vijana wa bodaboda walielewe hili vizuri: aliyekupa mzigo gizani atatoweka, lakini pikipiki ya mkopo itabaki mikononi mwa serikali.

Msafiri aliyekaa nje ya nchi kwa zaidi ya saa 24 ana nafuu yake katika sheria. Bidhaa za matumizi yake zisizozidi thamani iliyowekwa husamehewa, mradi azitangaze mwenyewe kwa afisa. Kutangaza ndiyo shati la nafuu hiyo. Anayeficha chini ya magunia hupoteza hata kile ambacho angepewa bure.

Na yule anayevuka na kompyuta yake mwenyewe kwenda kazini Aru au Kaya, kisha arudi nayo jioni? Aionyeshe forodha wakati wa kutoka, na abaki na risiti ya ununuzi au maandishi yanayotaja namba yake. Dakika chache za asubuhi humwepushia maswali marefu ya jioni.

Mali ya wizi: hapa polisi hawana mzaha

Tatizo la nne ndilo linaloihusu ofisi yetu moja kwa moja. West Nile imepokea wakimbizi wengi, na mashirika yanayowahudumia katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi, Bidi Bidi na Lobule hutumia kompyuta kila siku. Ng'ambo nako, vita vimeacha ofisi nyingi zikiporwa. Mapigano ya Juba ya Julai mwaka 2016 yalifuatwa na uporaji hata wa maghala ya Umoja wa Mataifa. Mali iliyoporwa haina mpaka. Husafiri hadi ipate mnunuzi asiyeuliza.

Anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba imeibwa anatenda kosa chini ya Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Uganda. Maneno "sikuwa najua" hupimwa kwa mazingira. Bei ilikuwaje? Mahali palikuwa wapi? Saa ngapi? Risiti iko wapi? Kompyuta ya thamani kubwa iliyouzwa usiku, bila chaja, na mtu asiyetaka kutaja jina lake, inajieleza yenyewe.

Dalili si ngumu kuziona. Chini ya kompyuta pana namba ya mfululizo. Ikiwa imekwanguliwa, acha. Pana alama ya gundi mahali palipobandikwa kibandiko cha mali ya shirika. Uliza kibandiko kimekwenda wapi. Kompyuta inapowashwa ikadai nywila ambayo muuzaji haijui, au ikataja jina la ofisi fulani, usiinunue kwa ahadi ya fundi atakayeifungua. Fundi naye anayefungua kompyuta bila kuuliza ni ya nani anajiweka katika mnyororo ule ule.

Yako madhara yasiyoonekana kwa macho. Ndani ya kompyuta ya shirika huenda mna orodha za wakimbizi, majina ya watoto, taarifa za wagonjwa, na habari za waliokimbia watu wanaowatafuta bado. Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini kabla ya sheria pana ubinadamu. Orodha hiyo ikiangukia mkono mbaya, maisha ya watu yanaweza kupotea kwa ajili ya kifaa kilichouzwa kwa bei ya mbuzi wawili. Ukikuta habari za namna hiyo katika kompyuta uliyonunua, usizisome, usizisambaze, wala usizifute kwa hofu. Ilete kituoni pamoja na maelezo ya mahali ulipoinunua. Anayekuja mwenyewe mapema husikilizwa tofauti na anayefuatwa.

Polisi wanaweza nini, na hawawezi nini

Uhusiano mwema hujengwa juu ya mipaka iliyo wazi. Kwa hiyo tuseme waziwazi.

Afisa wa polisi anaweza kukuuliza umepata wapi mali uliyonayo, ikiwa ana sababu ya kushuku. Anaweza kuishika kompyuta kama kielelezo, na hapo una haki ya kuandikiwa, namba yake ya mfululizo ikitajwa, na kupewa hati ya kuipokea. Anaweza kuwasaidia maafisa wa forodha wanapotekeleza sheria yao.

Afisa wa polisi hawezi kukutoza kodi ya forodha. Kodi hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na Mamlaka ya Mapato, na fedha huingia benki au kwa njia nyingine zinazotambuliwa na Mamlaka hiyo. Haziingii mfukoni wala kwenye kiganja, na kila malipo yana risiti. Anayekusimamisha barabarani na kudai "kitu kidogo cha kompyuta" hatendi kazi ya serikali, hata akiwa amevaa sare. Andika mahali, saa na namba ya gari au ya sare, kisha uripoti kwa mkuu wa kituo au kwa afisa wa uhusiano wa jamii. Ukikamatwa, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 ikiwa hukuachiliwa, na dhamana ya polisi haina malipo.

Polisi hawawezi pia kukurudishia fedha kwa kuwa kompyuta uliyonunua kihalali ni mbovu au haina waranti. Hilo ni dai la kiraia kati yako na muuzaji. Wenyeviti wa LC1 wamesuluhisha mengi ya namna hiyo pale muuzaji alipo jirani. Muuzaji akiwa ng'ambo, safari huwa ndefu zaidi. Ndiyo maana tahadhari ya kabla ni bora kuliko malalamiko ya baadaye.

Kabla ya kutoa fedha

Tuchukue mfano wa mzazi wa Pajulu ambaye binti yake amepata nafasi Chuo Kikuu cha Muni, naye ameambiwa kwamba hawezi kusoma bila kompyuta. Mzazi huyo ameuza ng'ombe. Hana ng'ombe wa pili. Kwa mtu kama huyu tunashauri mambo haya.

Kwanza, apate bei ya Arua mjini kwa maandishi, pamoja na muda wa waranti, ndipo aende kuuliza bei ya ng'ambo. Bila kipimo cha nyumbani hawezi kujua kama amepunguziwa.

Pili, amwulize muuzaji wa ng'ambo maswali matatu: waranti hii inakubaliwa Uganda? Mkataba wako unakuruhusu kuniuzia? Kompyuta hii ni mpya au imetumika? Jibu la "usijali, mzee" si jibu.

Tatu, adai risiti yenye jina la duka, tarehe, bei, aina ya kompyuta, namba ya mfululizo na jina lake yeye mwenyewe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Aisome namba hiyo kwenye mashine na kuilinganisha na ile ya kwenye boksi na ya kwenye risiti kabla ya kutoka dukani. Risiti ikiwa ya Kifaransa si kitu. Muhimu ni namba.

Nne, apitie kituo cha forodha kilicho rasmi, atangaze, alipe kama kuna cha kulipa, na aweke hati pamoja na risiti. Akifika nyumbani, apige picha hati zote mbili na kumwachia ndugu mmoja nakala. Mvua, mchwa na moto havichagui.

Tano, akipewa bei inayoshangaza, ajiulize ni nani aliyelipa tofauti. Kwa kawaida ameilipa yule aliyeibiwa.

Anayeona biashara ya kompyuta zinazotia shaka mtaani kwake, iwe Pajulu, Vurra, Oraba au sokoni Koboko, anaweza kutoa habari kituo cha karibu au kupiga simu 999 au 112 bila malipo. Hakuna anayelazimika kutaja jina lake. Na kwa yule aliyenunua kihalali, akavuka kwa njia ya halali na kutunza hati zake, ujumbe wetu ni mfupi: kompyuta ni yako, pita kwa amani.